Moyo wa Kipanga Ulipogoma Kukimbia

Sogea nikutege. Nina mtumishi nyumbani kwangu, hajalala tangu nizaliwe. Hana likizo, hana Jumapili, na siku akisema apumzike kidogo tu, nyumba nzima inaangua kilio. Anagawa chakula kwa kila mtu, vidole vya miguu mpaka ncha ya pua, na yeye mwenyewe analishwa kwa mirija myembamba mno. Ni nani? Usiangalie darini, hajaandikwa huko. Umeshindwa? Basi weka kiganja hapo kifuani, upande wa kushoto, utamsikia anakuitikia mwenyewe.

Sasa huyo mtumishi, kwa fundi mmoja wa kuezeka mapaa, alikuwa ameanza kunung'unika, na mwenye nyumba akajitia uziwi.

Fundi huyo walimwita Kipanga, kwa sababu maisha yake yote yalikuwa juu. Alitembea kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba mabati, kama wewe unavyotembea sebuleni kwako: misumari mdomoni, nyundo kiunoni, na mluzi juu yake. Mkewe walimwita Mama Vifungo. Alikuwa na kibanda cha vifungo, zipu na nyuzi katika jengo la maduka, ghorofa ya juu kabisa, na ukimpelekea shati lililopoteza kifungo kimoja alikutafutia ndugu yake yule yule, matundu manne, rangi ile ile, huku akikusimanga kwa kuvaa ovyo. Wawili hawa walikuwa wameoana muda mrefu hata hawakuhitaji tena kumaliza maneno. Mmoja akianza, mwenzake alikuwa ameshakataa.

Habari ililetwa na shemeji, mdogo wake Kipanga, ambaye ndiye aliyekuwa akimpandishia mabati. Alifika kibandani kofia mkononi, akajifanya mteja.

"Shemeji, zipu ya suruali unayo?"

"Ninazo tele. Rangi gani?"

"Yoyote tu."

Mama Vifungo akaweka mkasi chini. Mwanamume anayesema rangi yoyote hakufuata zipu.

"Haya, litapike. Kuna nini?"

"Usije ukasema nimesema mimi."

"Hujasema kitu bado, nitasema nini?"

Shemeji akatazama nyuma, akatazama mbele, akainama juu ya meza. "Kaka leo kapanda ngazi na bati moja begani. Bati moja, shemeji, huo ni mzigo? Kufika juu akakaa. Wewe umewahi kumwona kaka amekaa juu ya paa? Kashika hapa." Akajigusa katikati ya kifua. "Jasho linamchuruzika, na jua lenyewe halijachomoza vizuri. Namuuliza, kaka, vipi? Ananiambia gesi. Baada ya muda ikapita, akainuka, mluzi huo! Na si mara ya kwanza. Nina macho mimi."

"Ilianza lini?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nilipomuuliza kanirushia msumari."

Jumatatu iliyokuwa inakuja, Kipanga alikuwa aanze kuezeka ukumbi mpya wa soko, paa refu kuliko yote aliyowahi kupanda, tena yeye ndiye kiongozi wa mafundi. Mama Vifungo akamwona kule juu, kifua kimembana, mkono unatafuta pa kushika na hapapo. Akafunga kibanda mchana kweupe. Majirani wakadhani kuna msiba.

Jioni Kipanga aliporudi alimkuta mkewe ameketi katikati ya mlango, amekunja mikono.

"Baba, kifua kinakuuma?"

"Kifua gani?"

"Kwani unavyo vingapi?"

"Aa, huyo mdogo wangu! Mdomo wake hauna komeo."

"Ilianza lini?"

"Ilianza nini? Mama, gesi ni gesi. Maharage yale."

"Usiyasingizie maharage yangu. Kesho tunakwenda kwa daktari wa moyo. Ukikataa, ile ngazi yako naikata miguu, na msumeno nitatumia wako."

Kipanga alimtazama usoni, akaona msumeno umo humo humo machoni. Kesho yake wakaenda.

Daktari wa moyo alikuwa mama mrefu, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Alimlaza Kipanga, wakambandika nyaya, mashine ikachora mistari yake. Akaisoma taratibu.

"Ukiwa umepumzika, mzee, moyo wako unakwenda vizuri kabisa."

Kipanga akamgeukia mkewe kama aliyeshinda kesi. "Umesikia? Vizuri kabisa!"

"Nimesema ukiwa umepumzika," daktari akaendelea. "Kwenye ngazi je? Hapo mimi sijui. Moyo nao unakula, mzee. Una mishipa yake midogo inayouletea damu. Mishipa hiyo ikianza kuziba, mtu akiwa amekaa damu inatosha. Akifanya kazi, moyo unadai zaidi na damu haifiki. Ndipo kifua kinabana. Akikaa, kinaachia. Na akija kwangu akalala kitandani, sioni kitu."

Kipanga akakuna kidevu. Mambo ya mifereji alikuwa anayajua.

"Kama mfereji wa bati uliojaa majani," akasema polepole. "Manyunyu yanapita tu. Huwezi kujua mpaka ije mvua ya kweli."

"Hapo hapo! Basi sisi tunataka kukuletea hiyo mvua, tukiwa tumesimama chini tunaangalia. Utatembea kwenye mashine mpaka moyo uende mbio, halafu tunaupiga picha papo hapo. Tunalinganisha na picha za moyo uliotulia. Sehemu isiyopata damu itachoka, na tutaiona inavyochoka." Akachukua kalamu. "Na haya maumivu, yalianza lini?"

"Maumivu gani?"

Daktari akamtazama Mama Vifungo. Mama Vifungo akatazama dari.

Kipimo kikapangwa Alhamisi. Walipotoka, Mama Vifungo alirudi ndani mara moja kufuata mwavuli aliousahau, na aliporudi nje akamkuta muuguzi ameshamaliza kumpa mumewe maagizo.

"Amekuambiaje?"

"Nivae viatu vyepesi, alfajiri nile kidogo, halafu nisile tena."

"Basi?"

"Basi."

Akaanza kupiga mluzi. Kipanga akipiga mluzi juu ya paa, anafanya kazi. Akipiga akiwa chini, kuna kitu amekificha. Lakini siku hiyo mkewe alikuwa na mawazo mengi, mluzi ukampita.

Hapa sharti nikupeleke jikoni kwao, maana kuna siri ilikuwa inachemka kwenye sufuria.

Kipanga alikuwa na presha, na alipewa kidonge cha kumeza kila asubuhi, kidogo, cheupe. Alikichukia kama deni. Mbele ya mkewe alikitupia mdomoni kwa mbwembwe, akagugumia maji, akajipiga tumbo, "Aaah! Tayari." Kumbe kidonge kimebaki katikati ya vidole! Mkewe akigeuka tu, kinaruka dirishani. Mama Vifungo alikuja kuvigundua siku moja akifagia uani, vimelala chini ya maua kama mayai ya mjusi.

Mwanamke mwingine angeita mtaa mzima. Yeye aliuchuna. Kesho yake alikisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akakitia kwenye uji wa mumewe, akakamulia ndimu ya kutosha kuua uchungu. Na ili mkono wa bwana usikose cha kutupa, akampa kifungo. Naam, kifungo! Vile vidogo vyeupe vya mashati ya watoto wachanga. Siku ya kwanza roho ilikuwa juu juu, alijua atashikwa. Kipanga hata hakukiangalia. Maji, tumbo, "Aaah! Tayari," na kifungo hicho, dirishani. Kesho yake kingine. Alfajiri baada ya alfajiri, mume akijiona mjanja, mke akijiona mjanja, na presha ikashuka. Kliniki wakamsifu Kipanga kwa utii wake, naye akazipokea sifa bila haya.

Basi Alhamisi alfajiri Mama Vifungo aliamka, akasali, akakoroga uji wa mumewe kama kawaida. Tena siku hiyo alikisaga kidonge laini kuliko siku zote. Mgonjwa anayekwenda kupimwa, alifikiri, asikose dawa.

Chumba cha kipimo kilikuwa kidogo, baridi, kina kitanda upande mmoja na upande wa pili, ubavuni kabisa mwa kitanda, ile mashine. Nayo ni kitendawili kizima: barabara fupi kuliko mkeka, haiendi popote, lakini ukiikanyaga inakukimbiza mpaka unajuta. Binti wa kupiga picha za moyo alikuwa mchangamfu, mikono miepesi, na mashine yake ya picha aliisukuma kama mama anayesukuma mtoto kwenye kigari.

"Shikamoo mzee. Vua shati, lala ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa. Jeli ni ya baridi, usiniruke."

"Marahaba. Mimi niruke? Mimi nime... wee!" Akaruka.

Kwenye kioo moyo ukatokea. Mama Vifungo, aliyepewa kiti cha kona, alisimama bila kujijua. Ulikuwa wa kijivujivu, unafumba na kufumbua kama ngumi, fumba, fumbua, bila kuchoka.

"Ndio huo?"

"Ndio wenyewe, mama."

Akasogea, akatoa macho. "Miaka yote hii ananiambia nimo moyoni mwake. Mbona sijioni?"

Binti alicheka mpaka kifaa kikateleza. Hata daktari, aliyekuwa anaingia, akatabasamu. "Tuko kwenye picha za kutulia," akasema. "Kila ukuta wa moyo unavuta sawa. Nzuri. Sasa mzee, panda barabarani."

Kipanga akapanda kwa madaha, nyaya zimemning'inia kifuani. Mashine ikaanza taratibu, ikaongeza mwendo, ikainua pua kama mlima. Kipanga akatembea. Ikaongeza. Akatembea. Alikuwa na miguu ya ngazi yule bwana, mlima wa mashine haukumtisha. Lakini namba ya mapigo kwenye kioo ilipanda kidogo, ikakaa. Wakaongeza tena. Namba ikapanda kidogo, ikakaa tena, kama punda aliyeona daraja.

"Unasikia chochote kifuani?" binti akauliza.

"Nasikia njaa."

Wakaenda hivyo mpaka Kipanga akaanza kuhema na magoti kumtetemeka. Daktari akasimamisha. Kipanga akarudishwa kitandani, picha zikapigwa, daktari akazitazama, akazitazama tena, akakunja uso.

"Hazina ubaya," alisema.

"Aaah!" Kipanga akakaa kitako, jeli inamtiririka. "Nimeshinda! Jumatatu paa. Mama, nipe shati."

"Subiri, mzee. Hazina ubaya, lakini hazina maana pia. Moyo wako haukufika tunakotaka. Umegoma kukimbia. Mvua yetu leo ilikuwa manyunyu, siwezi kusema mfereji ni mzima. Muuguzi alikuambia uache kile kidonge cha presha tangu juzi, sivyo? Kile kinaushika moyo breki. Ulikiacha?"

Mama Vifungo akaukumbuka uji wa mwaka mzima, na ule wa leo alfajiri.

"Nilikiacha!" Kipanga akasema kwa kishindo. "Tena mimi sijameza hicho kidonge tangu..." Akajiuma ulimi.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Kama mlivyosema."

"Basi sielewi," daktari akasema, akaanza kuvaa miwani yake tena. "Labda moyo wenyewe una uzito wa kupanda. Au nikuandikie kuwa kipimo hakikutoa jibu, tukutane mwezi ujao."

Mwezi ujao! Na Jumatatu je? Kipanga alikuwa ameshaanza kufunga vifungo vya shati, mluzi uko mdomoni tayari. Mama Vifungo aliona paa la ukumbi, aliona ule urefu. Akijifanya hamnazo, mumewe atapanda akiringa na neno la daktari mfukoni, "hazina ubaya." Akisema, siri yake yote inamwagika mbele ya watu.

"Daktari, amekunywa."

"Nani amekunywa?" Kipanga akaruka. "Usinisingizie!"

"Umekunywa leo alfajiri. Na jana. Na juzi. Kipo kwenye uji."

Kipanga akaacha kufunga vifungo vya shati.

"Uji upi?"

"Uji wako wa ndimu, baba."

"Na kile... kile unachonipa mkononi?"

"Unachotupa dirishani? Kifungo."

Binti wa picha aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika. "Kifungo?" Kipanga akasema kwa sauti ndogo. "Mwaka mzima natupa vifungo?"

"Tena vya mashati ya watoto. Hukuviangalia hata siku moja, nifanyeje?"

Aliyeangua kicheko kwanza alikuwa daktari, kisha binti, na mwisho, kwa shida, kama mlango wenye kutu, Kipanga mwenyewe. Alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini daktari aliacha kucheka mapema.

"Mama, umemsaidia presha, silikatai. Ila usirudie. Vidonge vingine havisagwi, na mtu apewe dawa akijua. Leo ungetupoteza njia kabisa. Na wewe mzee, kumdanganya daktari ni kumdanganya anayekushikia ngazi. Hicho kidonge kiacheni kuanzia sasa. Mje Jumamosi asubuhi. Mpaka hapo ukae nyumbani. Hakuna ngazi, hakuna mzigo, na kifua kikibana ukiwa umekaa, mje usiku huo huo."

Siku zile mbili nyumba ilikuwa na vituko. Kipanga hakuugusa uji mpaka mkewe aonje kwanza, tena vijiko viwili. Shemeji alipokuja kumjulia hali, alikaribishwa chai, akaitazama kikombeni kwa makini. "Shemeji, humu umeweka zipu au nyuzi?" Akafukuzwa na ufagio. Lakini kucheka huko, Mama Vifungo alikuwa anacheka jicho moja. Jingine lilikuwa kwenye kifua cha mumewe. Akikohoa, anashtuka. Akiinuka kwenda chooni, anamfuata mpaka mlangoni.

"Mama, na humu nako?"

"Ingia, nimesimama tu."

Kila alipomuuliza, "Ilianza lini, baba?" Kipanga aliangalia pembeni, akatafuta kitu cha kugongelea msumari. Kikagongelewa mpaka kibao cha sabuni.

Jumamosi ikafika. Chumba kile kile, jeli ile ile. Safari hii hakuruka.

"Mzee, nikuambie kitu," binti wa picha akasema akimrekebisha nyaya. "Hapa hakuna kushinda. Ukikaza meno unatukatili sisi. Ukisikia kinabana, sema."

"Nimekusikia, binti yangu."

Barabara isiyokwenda popote ikaanza. Na moyo, ewe msikilizaji, moyo leo haukuwa na breki! Namba ikaruka. Mashine ikainua pua, namba ikaruka tena. Mama Vifungo alikuwa amesimama, kitambaa chake amekipotoa kama anakikamua. Hakuwahi kuwa mshabiki wa kitu chochote maishani mwake, lakini alijikuta anasema kwa sauti, "Panda! Panda, baba!" na hakujua kama anamwambia mume au namba.

"Tumekaribia!" binti akasema. "Kidogo tu, mzee!"

Uso wa Kipanga ulikuwa umebadilika. Mdomo ameubana. Ule mkono wa kulia, uliokuwa umelegea kwenye chuma cha kushikilia cha mashine, sasa ulikuwa umekishika kama mtu anayeteleza kwenye bati lenye umande.

"Kinabana?" daktari akauliza.

"Endelea."

"Mzee, nimekuuliza."

"Endelea tu."

Mkewe hakuhitaji mashine. Aliujua ule mkono. "Kinambana!" akapiga kelele. "Daktari, kinambana huyo, anajikaza kisabuni!"

"Nimeona, mistari ya moyo nayo imeanza kushuka. Tumefika! Simamisha! Kitandani, haraka, haraka!"

Hapo ndipo penyewe. Moyo uliokwenda mbio haukungoji, ukichelewa unatulia na siri yake. Binti akamshika mkono huu, daktari mkono huu, Kipanga akaangushwa kitandani ubavu wa kushoto kama gunia, kifaa kikagandishwa kifuani. "Vuta pumzi, toa, zuia! Usihame! Picha. Vuta tena. Toa. Zuia! Picha. Nimeupata! Nimeupata!" Vidole vya binti vilikuwa vinarukaruka kwenye vitufe kama mvua kwenye bati.

Daktari akampulizia Kipanga dawa chini ya ulimi, akakaa pembeni yake mpaka rangi ikarudi usoni. "Kinaachia?"

"Kinaachia," Kipanga akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kukubali kuwa kulikuwa na cha kuachia.

Kisha daktari akageuza kioo waone wote. Moyo uliotulia kushoto, moyo uliokimbia kulia. "Chukulieni kuta hizi ni watu wanaovuta kamba," alisema. "Kushoto, angalieni, kila mtu anavuta. Kulia sasa. Huyu anavuta, huyu anavuta, huyu wa mbele je?"

Mama Vifungo alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Ukuta wa mbele wa moyo wa mumewe, wenzake wakijikunja kwa nguvu, wenyewe ulikuwa unajivutavuta, umechelewa, kama mtu aliyenyimwa chakula akaambiwa alime.

"Huyo amelala njaa," akasema.

"Amelala njaa, mama. Mshipa unaomlisha umebana. Na tumemwona akiwa bado hai, hajafa, anataka kula tu. Tutapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa kuangalia pamebana wapi, na mara nyingi tukipaona tunapanua hapo hapo."

Mama Vifungo akapiga vigelegele. Ndiyo, kwenye chumba cha daktari, mumewe ana ugonjwa wa moyo, akapiga vigelegele mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. "Tumemkamata!" akasema, machozi yanamtoka. "Tumemkamata mwizi akiwa dirishani, bado hajaingia!"

"Na Jumatatu?" Kipanga akauliza kutoka kitandani.

"Jumatatu mdogo wako atapanda," daktari akasema. "Wewe utakaa chini kwenye kiti, uwakaripie."

Kipanga akawaza. "Kukaripia naweza."

"Sasa, mzee, neno moja limebaki, nalo nalihitaji kweli." Daktari akavuta kiti. "Kama hili ni la muda mrefu na halijabadilika, utakwenda nyumbani na dawa, tutakuita wiki hii kwa mrija. Kama ni la juzijuzi na linazidi, hutoki humu leo. Nimekuuliza, mkeo amekuuliza. Lilianza lini?"

Kipanga akatazama ukuta. Akatazama pa kugongelea msumari, hapakuwa na nyundo.

Mama Vifungo akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono uliojaa jeli. "Mimi yangu nimeyasema mbele za watu, baba. Vifungo vyote nimevitaja. Zamu yako."

Mzee akapumua.

"Mwaka jana, siku tulipohamishia kibanda chako ghorofani," akasema, na alikuwa anamwambia mkewe, si daktari. "Lifti ilikuwa imekufa. Nikabeba magunia yako ya vifungo, yote, ngazi mpaka juu. Nilipoyatua, kifua kilikuwa kama nimekaliwa na mtu. Na tangu hapo ni vilevile, nikipanda na mzigo tu, nikikaa kinaachia, hakijazidi. Ila siku ile wewe ulikuwa umesimama pale na mashoga zako, ukapiga makofi, ukawaambia, 'Mnamwona? Huyo ndiye wangu.' Ulikuwa umefurahi, mama. Ningeanzia wapi kukuambia?"